Mgeni hupewa jembe. Mwanawe apewe nini?

Mnamo Februari 2025, Rais William Ruto alikwenda Wajir na kutia saini tangazo la kuondoa msako wa ziada waliokuwa wakipitishwa wakazi wa kaunti za mpakani kila walipoomba kitambulisho. Hatua hiyo ilishangiliwa, na ilistahili kushangiliwa. Kijana wa Wajir au Mandera hana kosa la kuzaliwa karibu na mpaka. Hata hivyo, kuna Wakenya wengine ambao tangazo hilo halikuwagusa, kwa kuwa hawaishi mpakani. Wanaishi katikati ya mashamba: penye mkonge, penye miwa na penye majani chai. Hao ni watoto na wajukuu wa vibarua walioletwa au waliojileta kutoka nchi jirani, wakalima ardhi hii, wakazaa humu na wakazikwa humu. Ninakusudia kuzungumzia hali yao leo, na hasa hali ya watoto wao, maana mjadala wetu kuhusu uraia una kawaida ya kuanzia pale mtu anapotimiza umri wa miaka 18. Mimi nadai kwamba kufikia umri huo madhara huwa yamekwisha kutendeka.

Kazi yangu ni lugha, basi msomaji ataniwia radhi nikianza na maneno. Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huichukulia methali hii kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Lakini tukiitazama vyema, tutaona kwamba ndani yake mna ahadi pia. Anayepewa jembe si mgeni tena. Amekwisha kuingizwa katika kazi za nyumba, na anayeshiriki kazi hushiriki chakula. Neno lenyewe mwenyeji hutokana na mwenye mji. Katika fikra za wazee wetu, basi, safari ya kutoka ugeni hadi uenyeji ilipitia kwenye mpini wa jembe. Tulichofanya sisi, tangu enzi ya mkoloni hadi leo, ni kumpa mgeni jembe siku ya tatu na kumwacha alitumie kwa vizazi vitatu pasi na kumwambia kwamba amefika.

Mkoloni alikuwa na maneno yake. Kule Tanganyika, kibarua aliyesajiliwa kwa mkataba na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge aliitwa manamba, kwa sababu alijulikana kwa nambari wala si kwa jina. Huku Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande, nacho kilitiwa katika kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni. Si ajabu kwamba hadi leo watu wengi nchini huita kitambulisho kipande. Tofauti ni kwamba babu zetu walichukia kubebeshwa kipande, ilhali watoto ninaowazungumzia wanalia kwa kukikosa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Wamakonde wa Pwani. Asili yao ni nyanda za juu za kaskazini mwa Msumbiji, kusini mwa Mto Ruvuma. Tangu miaka ya 1930 na kuendelea walivuka mto huo kutafuta kazi, wengine wakaishia kwenye mashamba ya Tanganyika na wengine wakasonga hadi Kenya. Hapa walikata miwa ya Ramisi katika Kwale, na mkonge katika Kilifi na Taita Taveta. Walipata wenzao katika miaka ya 1960, wakati vita vya ukombozi dhidi ya Wareno, vilivyoanza Septemba 1964, vilipowatawanya watu wa kaskazini mwa Msumbiji. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, wengi wa vibarua hao hawakuwa na pa kurudi. Vijiji walivyovijua vilikuwa vya Kwale.

Je, ilikuwaje watu hao wakawa si raia? Jibu limo katika sheria, nalo linafaa kuelezwa polepole. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilimfanya raia moja kwa moja yule aliyezaliwa Kenya ikiwa mzazi wake mmoja pia alizaliwa Kenya. Kibarua aliyezaliwa katika koloni la Mreno hakuwa na njia hiyo. Lakini katiba iyo hiyo ilikuwa na ukarimu kwa watoto: karibu kila aliyezaliwa nchini baada ya tarehe 12 Desemba 1963 alikuwa raia kwa kuzaliwa. Mtoto wa kibarua alizaliwa Mkenya hata kama baba yake hakuwa. Kisha, mwaka 1985, katiba ilirekebishwa. Tangu hapo aliyezaliwa Kenya alipaswa kuwa na angalau mzazi mmoja aliye raia, na sharti hilo likarudishwa nyuma hadi siku ya uhuru. Hivyo basi, kuna watoto waliolala wakiwa raia na kuamka wakiwa hawana nchi, pasi na kuvuka mpaka wowote, na pasi na mtu yeyote kuwaarifu.

Nayajua mambo haya kwa sababu yalipita katika nyumba yetu. Nilizaliwa mwaka 1980 katika kambi ya vibarua wa shamba la mkonge huko Pwani. Baba yangu alikuwa Mmakonde, aliyeingia nchini akiwa kijana kabla ya uhuru. Alikuwa na wake wawili. Mama mkubwa alikuwa Mmakonde mwenzake, naye alizaa watoto wanne. Mama yangu ni Mdigo, naye alituzaa wawili. Tulikula sinia moja, tukachota maji bomba moja na kwenda shule moja. Kisheria, hata hivyo, nyumba ile ilikuwa na watu wa aina mbili, na hatukulijua hilo hadi tulipokua.

Kaka yangu mkubwa, mwana wa mama mkubwa, alizaliwa mwaka 1974. Alikuwa raia kwa muda wa miaka 11. Mwaka 1988 alifanya mtihani wa darasa la nane na kuwa wa kwanza katika shule yetu. Barua ya kumwita shule ya upili ilikuja. Karo haikuwapo, na alipoomba msaada wa masomo, karatasi ya kwanza aliyotakiwa kuonyesha ilikuwa kitambulisho cha baba. Baba alikuwa na kadi ya kazi ya shambani tu. Mwaka uliofuata, kaka alikuwa akikata mkonge pembeni mwa baba yake, akiwa na miaka 15.

Mimi nilipotimiza miaka 18, mwaka 1998, mjomba wangu alinisindikiza hadi kwa chifu na kuapa kwamba ananijua na kwamba mama yangu ni dada yake. Kaka alifuatana nasi ili ajaribu tena, kwa mara ya tatu. Alihojiwa kwa Kiswahili na akajibu kwa Kiswahili. Alisemeshwa Chidigo na akajibu kwa Chidigo. Mwishowe akaulizwa: Nyumbani kwenu hasa ni wapi? Akataja kambi tuliyozaliwa. Akaulizwa tena swali lile lile, na mkazo ukawekwa kwenye neno hasa. Mimi nilipata kitambulisho baada ya miezi michache. Yeye aliambiwa arudi siku nyingine.

Nimeifundisha sarufi ya Kiswahili kwa miaka mingi, na sijaona neno dogo lililobeba mzigo mzito kama hilo hasa. Ukimwuliza mtu nyumbani kwake ni wapi, unauliza anakoishi. Ukiongeza hasa, unamwambia kwamba jibu lake la kwanza halikubaliki, na kwamba ipo nyumba nyingine iliyofichika ambayo ni lazima aikiri. Mtoto wa mhamiaji hana nyumba hiyo ya pili. Kaka yangu hajatia mguu Msumbiji hadi leo.

Twaweza sasa kuuliza ni nini huipata familia iliyo katika hali hiyo. Watu wa nje huona umaskini tu, na kwa kweli upo. Lakini umaskini wa kibarua mwenyeji na umaskini wa kibarua asiye na karatasi si mamoja. Mwenyeji aliyefutwa kazi shambani aweza kwenda Mombasa kutafuta kibarua bandarini. Asiye na kitambulisho huogopa hata kupanda matatu, kwa sababu ya vizuizi vya polisi barabarani. Basi hubakia pale pale kambini, na mwajiri anayejua kwamba huna pa kwenda hana haja ya kukuongeza mshahara. Siku hizi mambo yamezidi kuwa magumu: pasipo kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na pasipo laini huna M-Pesa. Mtu hulazimika kupokea ujira wake kupitia simu ya jirani, na jirani akate fungu lake.

Jambo la pili ni heshima ya mzazi. Katika jamii zetu baba hutarajiwa kuwa mlango wa nyumba: yeye ndiye anayetoka kwenda kuonana na mwalimu, chifu na daktari kwa niaba ya wanawe. Baba yetu hakuweza kutoka. Kila jambo la serikali lilipozuka, aliyekwenda ni mama yangu, mke mdogo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kadi. Mama mkubwa aliliona hilo na likamchoma. Baba aliliona na kunyamaza, kisha akaanza kuchelewa kurudi kutoka mangweni. Sikusudii kusema kwamba kila kibuyu cha tembo kilichonywewa pale kambini kilitokana na kukosa karatasi. Walevi wapo hata miongoni mwa wenye pasipoti. Ninachosema ni kwamba mtu aliyenyang'anywa kazi ya ubaba hutafuta mahali pa kuuweka ubaba wake, na mara nyingi huuweka kwenye pombe au kwenye fimbo.

La tatu, nalo ndilo zito zaidi kwa watoto, ni mgawanyiko wa ndugu. Sheria ilipotuchambua, ilitupa sisi wawili njia na kuwafungia wale wanne. Niliporudi likizo kutoka chuo kikuu, nilikuwa nikiletewa kiti. Kaka aliyenishinda katika kila somo alikuwa amesimama mlangoni akiwa na panga la mkonge. Usiku mmoja alimwuliza baba ni kwa nini alituzalia huku. Baba hakujibu, na hawakusemezana tena kwa muda wa mwaka mzima. Sidhani kwamba kuna afisa yeyote aliyekusudia kuleta matokeo hayo. Lakini sera haipimwi kwa makusudio yake pekee.

Nirudi kwenye taaluma yangu. Kimakonde ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili na Kidigo. Shina la kale la neno mtu, ambalo wataalamu huliandika -ntu, limezaa mtu katika Kiswahili, mutu katika Chidigo na munu katika Kimakonde. Ni watoto wa mzazi mmoja. Kimakonde hakina sauti ya r, na kwa hiyo Mmakonde wa kizazi cha kwanza husema kalatasi badala ya karatasi. Kwa miaka mingi, matamshi hayo yalitosha kumfanya mtu ashukiwe. Lakini r na l huwatatiza mamilioni ya Wakenya wa makabila yasiyotiliwa shaka na mtu yeyote. Mwaka 2004, wanaisimu kutoka nchi mbalimbali walitoa mwongozo kuhusu matumizi ya uchambuzi wa lugha katika kesi za wakimbizi, wakasisitiza kwamba lugha yaweza kuonyesha mtu alikolelewa, bali haiwezi kuonyesha uraia wake. Kaka yangu alitamka r sawasawa. Kwa kipimo cha lugha alikuwa mtu wa Pwani tangu utosini hadi unyayoni. Kilichokosekana hakikuwa ulimini mwake.

La kushangaza ni kwamba sheria yetu yenyewe yakubaliana na hoja hii. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa mtu asiye na nchi aliyeishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, na miongoni mwa masharti yake ni kujua Kiswahili au lugha moja ya humu nchini. Wabunge walitambua kwamba lugha ni ushahidi wa kulelewa. Lakini mlango huo ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, uliwekewa muda wa miaka mitano, na waziri akaruhusiwa kuongeza mitatu. Miaka hiyo minane iliisha Agosti 2019. Pili, wazao wa watu hao walitakiwa wawe wametimiza miaka 18 ndipo waombe.

Kasoro hiyo ya pili inasikitisha zaidi tukikumbuka kilichotukia miezi michache kabla ya sheria hiyo. Mnamo Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa, nao ulihusu Kenya: kesi ya watoto wa Kinubi. Kamati iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki ya watoto hao ya kuwa na uraia, na kwamba kumwacha mtoto asubiri hadi miaka 18 ndipo aombe utaifa si njia ya kuitimiza haki hiyo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, yasema kwamba kila mtoto ana haki ya jina na utaifa tangu kuzaliwa. Haisemi tangu utu uzima. Licha ya hayo yote, Agosti mwaka uo huo tulipitisha sheria yenye kumwambia mtoto wa kibarua: Ngoja ukue kwanza.

Ni haki kukiri kwamba hatua zimepigwa. Oktoba 2016, mamia ya Wamakonde walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu na kuamuru wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Zaidi ya watu elfu moja walisajiliwa, na mwaka 2017 Wamakonde wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Siku ya Jamhuri ya mwaka 2020 ilitangazwa kwamba Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda watapewa uraia. Julai 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa Kilifi na Kwale. Kwa miaka mingi Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikadiria kwamba watu wasio na nchi humu nchini walikuwa wapatao 18,500. Hatua hizi zimepunguza idadi hiyo.

Lakini hebu tutazame jinsi hatua hizo zilivyochukuliwa. Kila mara ni kabila zima lililoandamana au kuomba kwa miaka mingi, kisha rais akatoa amri katika hafla. Uraia umekuwa kama zawadi ya sikukuu. Asiye na kabila la kuandamana naye afanyeje? Katika mashamba ya chai na ya mkonge wamo wajukuu wa Warundi na Wakongo ambao ni wachache mno kiasi cha kutoweza kujaza hata basi moja. Wamo pia watoto wa mchanganyiko, wasiohesabika huku wala kule. Haki inayopatikana kwa wingi wa watu pekee haijawa haki.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Watasema kwamba usalama wa taifa ni jambo zito. Kweli, tangu Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015, hakuna Mkenya asiyejua uchungu huo. Lakini mtu asiyesajiliwa ndiye asiyejulikana. Serikali inayotaka kuwajua waliomo ndani ya mipaka yake ina kila sababu ya kuwaandika. Wengine, hasa ndugu zangu wa upande wa mama, watauliza juu ya ardhi. Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, wenyeji wengi wa Pwani wamekuwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Ni wazi kwamba wataogopa kuongezewa wadai wengine. Lakini aliyewanyima hati si mkata mkonge kutoka Msumbiji. Yeye naye hakupewa ila shimo la kaburi, na hata hilo kwa hisani ya mwenye shamba.

Ni lipi basi la kufanywa? La kwanza, Bunge liondoe ukomo wa muda katika sheria ya 2011. Kosa lililotendwa mwaka 1985 halikuwa na tarehe ya kuisha, basi tiba yake nayo isiwe nayo. La pili, umri wa miaka 18 ufutwe, na kila mtoto aliyezaliwa Kenya ambaye bila hivyo hatakuwa na nchi aandikwe kuwa raia siku anapopewa cheti cha kuzaliwa. La tatu, msaada wa masomo na usajili wa mitihani usitegemee kitambulisho cha mzazi. Mtoto asiadhibiwe kwa safari ya babu yake. La nne, wale waliosahaulika mwaka 2016, waliokuwa wagonjwa, mbali au wasio na wa kuwaapia, wafuatwe kambini badala ya kungojwa mjini.

Serikali imeanzisha nambari mpya ya kumfuata raia tangu kuzaliwa hadi kufa, nayo imeipa jina la Maisha Namba. Ni jina zuri. Lakini pia linamkumbusha mtoto wa kambini yale mengine ya manamba. Babu alipewa nambari ili ahesabiwe kazini, wala hakuhesabiwa nyumbani. Iwapo nambari hii mpya itatolewa kwa mwenye mzazi mwenye kadi tu, basi itairithisha hali ile ile kwa kizazi cha nne, na kwa mashine safari hii. Iwapo itatolewa kwa kila mtoto anayelia kwa mara ya kwanza katika ardhi hii, tutakuwa tumelibadilisha neno na maana yake. Kaka yangu alipata kitambulisho chake mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 42. Wanawe watatu wamekwisha kuacha shule. Taifa haliwezi kuwarudishia miaka hiyo, ila laweza kuamua kwamba wajukuu wake hawataulizwa nyumbani kwao hasa ni wapi.